Shajara ya mradi: beti 102 za Mwana Kupona, kwa mwendo wa pole

Januari, kuanza

Lengo: kuusoma Utendi wa Mwana Kupona wote, shairi la wasia wa mama kwa bintiye, beti 102, ubeti mmoja kwa siku pale siku inaporuhusu, kwa sauti, na kuandika mbele ya kila ubeti kama una lolote la kuniambia mimi. Mara ya mwisho kukutana nao ilikuwa darasani, ambako ulikuwa swali la alama ishirini: taja dhamira, eleza nafasi ya mwanamke, toa mifano ya inkisari, yaani kufupisha neno. Nilipata alama nzuri na sikutoka na ubeti hata mmoja kichwani.

Tuko wanne. Mimi, binamu yangu anayefanya kazi Doha na husoma usiku akitoka zamu, jirani mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu, na Bibi, mzaliwa wa Lamu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Mombasa. Bibi amekataa kuhesabiwa. "Mimi si mtu wa madaftari, mwanangu. Lakini ukisoma ovyo nitakwambia." Tunatumiana sauti kwa WhatsApp, na Ijumaa baada ya alasiri anayeweza huja barazani kwa Bibi.

Daftari lina safu tatu. Ya kwanza: ubeti wasema nini, kwa maneno ya kila siku. Ya pili: wasemaje, yaani nani amwambia nani, vina, mizani, neno gani limekaa pasipotarajiwa. Ya tatu: wanihusu nini. Hiyo ya tatu hujazwa mwisho na ina ruhusa ya kubaki tupu. Mwalimu ameongeza sharti lake: maana yangu ikigombana na neno lililomo katika ubeti, neno ndilo hubaki.

Nimelikubali sharti, ingawa nalionea shaka. Naogopa litatufanya tuwe darasani tena.

Januari, bado

Mpango wa ubeti kwa siku umekufa mapema. Tumekwama kwenye beti tatu za mwanzo na hakuna anayelalamika.

*Negema wangu binti,*
*mchachefu wa sanati,*
*upulike wasiati,*
*asa ukazingatia.*

Mama anamwita bintiye asogee, msichana wa miaka michache, asikilize wasia, huenda akauzingatia. Hilo "huenda" limenipendeza. Kutoka kwa mzazi nilitarajia amri. Huyu anaanza kwa kukubali kwamba mtoto anaweza kusikia na asishike.

*Maradhi yamenishika*
*hata yametimu mwaka;*
*sikupata kutamka*
*neno lema kukwambia.*

*Ndoo mbee ujilisi*
*na wino na karatasi;*
*moyoni nina hadithi*
*nimependa kukwambia.*

Kwanza mambo ya nje, maana Mwalimu hatuachi kuingia bila kujua nyumba ni ya nani. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio kwenye kisiwa hichohicho katika visiwa vya Lamu. Siyu haikuwa mji wa kulala. Katika miaka ya 1840 jeshi la Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, lilikuja kuitiisha, likashindwa. Bwana Mataka alifariki 1856. Utendi ni wa 1858, na mwenyewe anautia tarehe karibu na mwisho: alifu, miyateni, hamsa wa sabini, yaani 1275 kwa hesabu ya hijria. Binti anayeitwa ni Mwana Hashima. Miaka michache baadaye mama naye akafariki. Na 1863 Siyu ikaingia mikononi mwa Zanzibar.

Kwa hiyo anayesema ni mjane mgonjwa, katika nyakati za hasama, na anachomwachia mtoto ni maneno. Nimeyaandika hayo kwenye safu ya pili, kwa sababu yanabadili sauti ninayosomea.

Halafu ile karatasi na wino. Binamu ndiye aliyeiona kwanza, akatuma sauti saa saba za usiku: "Dada, hebu ngoja. Anayeandika ni nani?" Mama haandiki. Mama anamwambia mtoto alete wino, akae, na yeye atasema. Basi mkono unaoandika "negema wangu binti" ni mkono wa binti mwenyewe. Anaitwa, na papo hapo anaandika kwamba ameitwa. Wala hakuna mahali mama anaposhangaa kwamba msichana anajua kuandika. Anaagiza karatasi kama mtu anavyoagiza maji. Kwa wanaodhani mwanamke wa pwani ya zamani hakushika kalamu, ubeti huu unatosha.

Mwalimu akapoza moto kidogo: huenda ni namna tu ya kufungulia utendi, maana tenzi nyingi huanza kwa kuagiza wino na karatasi. Ni kweli. Lakini nyingi za tenzi hizo humwagiza mtu asiye na uso. Hapa aliyeagizwa ndiye anayeusiwa. Safu ya pili imeyapokea yote mawili.

Mwisho wa Januari: safu ya tatu, ubeti wa pili

Hapa niliandika neno moja, "Baba", nikafunga daftari.

Baba alipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Mkono na mguu wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka. Alikuwa anaelewa, hilo tulikuwa na hakika nalo. Ukimwambia habari ya mjukuu machoni ilionekana. Lakini kutamka, hapana. Aliishi hivyo zaidi ya mwaka. *Hata yametimu mwaka, sikupata kutamka neno lema kukwambia.* Unaposoma kitu kama hicho kwa sauti, peke yako jikoni, hutafuti tena dhamira.

Ijumaa niliwasomea wenzangu nilichoandika. Bibi alitikisa kichwa akaniombea baba rehema. Mwalimu alisubiri, kisha akasema kwa upole kwamba sharti bado lipo. "Soma ubeti unaofuata."

Ubeti unaofuata ndio huo wa wino na karatasi. Mwana Kupona alikuwa hajapata kutamka. Sasa anatamka, tena kwa beti mia na zaidi, kila kipande mizani minane, kituo cha kila ubeti, mstari wa mwisho, kikirudi kwenye *-ia* au *-a*. Ugonjwa wake ulimnyima nafasi, haukumnyima ulimi. Nikitaka kusema ubeti wa pili ni baba yangu, lazima niseme pia kwamba baba yangu hakupata ubeti wa tatu.

Nimeandika hivyo. Neno "Baba" sikulifuta, nimeongeza sentensi hiyo chini yake. Ajabu ni kwamba maana iliyobanwa na maandishi ni kali kuliko ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa kufanana tu, na kufanana huja kwa urahisi mno. Mtu mwenye huzuni huona huzuni yake hata kwenye tangazo la mnada. Tofauti ndiyo iliyonieleza nilichokosa: wasia.

Sharti la Mwalimu nimeacha kulionea shaka.

Februari: namna ya kusoma kwa sauti

Bibi alitusikiliza tukisoma, akatuzuia. "Hayo hayasomwi kama gazeti. Huimbwa." Akaimba beti kadhaa za mwanzo bila kitabu, kwa sauti iliyopasuka lakini haikupoteza mizani hata mahali pamoja. Alizipata kwa bibi yake, ambaye naye alizijua kwa moyo.

Faida ya kuimba ni ya kiufundi kabisa. Ukisoma kimya, jicho huruka maneno ya Kiamu, Kiswahili cha Lamu, usiyoyajua na kuendelea. Ukiimba, kila silabi inadai nafasi yake, na neno usilolijua linasimama mbele yako hadi uulize. Pia unasikia pale kina kinapoyumba. Katika ubeti wa wino, *ujilisi* na *karatasi* vinafungana, kisha *hadithi* inakuja na ncha ya ulimi kati ya meno. Bibi hutamka vyote karibu sawa, na tatizo hupotea.

Jioni hiyo Mwalimu alitueleza habari ya hati. Tenzi hizi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa kawaida zina alama tatu tu za irabu, hivyo *e* na *i* zilishirikiana alama, na *o* na *u* vilevile. Konsonanti nyingine zetu hazikuwa na herufi yake. Msomaji ilibidi awe ameshalijua neno ndipo alisome. Kwa hiyo kitabu chenye herufi za Kilatini tunachokisoma leo, iwe chapa ya Alice Werner na William Hichens ya 1934 au nyinginezo, tayari kimepitia masikio na maamuzi ya watu. Nakala zatofautiana neno hapa, kipande pale. Mimi na binamu tuna chapa mbili tofauti, na mara nyingi tofauti zenyewe ndizo zinazotuamsha.

Tumekubaliana: penye tofauti, tunauliza Bibi aliimbiwaje, lakini hatumfanyi hakimu. Mwenyewe amesema hataki.

Februari: beti za katikati, kwa haraka

Dini, adabu, ulimi mzuri, kuwa na haya, kuwatazama masikini. Nzuri, na safu ya tatu imebaki tupu kurasa kadhaa. Sitaki kuzijaza kwa nguvu.

Ubeti mmoja tumeusimamia kwa sababu nyingine. Mama anamwonya binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa huduma, kwani watamvuta vibaya. Nyumba hii ya wino na karatasi ilihudumiwa na watu waliomilikiwa. Binamu alitaka tuuruke. Nimepinga. Kusoma kwa kuzingatia hakuwezi kuwa kuchagua mboga sokoni, unabinya nyanya nzuri na kuacha nyingine. Safu ya kwanza: amesema hivyo. Safu ya pili: amesema bila kusita, kwa mizani ileile tamu. Safu ya tatu: tupu, lakini nimechora mstari ili ijulikane kwamba nimesimama hapo.

Machi: sehemu ya mume

Nilikuwa naiogopa sehemu hii tangu mwanzo. Ndiyo inayonukuliwa katika kila mtihani, ndiyo iliyompa Mwana Kupona jina la mwalimu wa utiifu, na mimi ni mwanamke aliyetoka katika ndoa kwa miguu yake mwenyewe. Radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume, "mno imekaririwa". Siku ya hukumu mume ataulizwa, na atakalosema ndilo litakalofuatwa. Nilisoma nikiwa nimekunja uso.

Niliandika safu ya tatu: "Sikubali." Nikamuuliza Mwalimu kama kutokubali ni maana. Akasema ni maana, mradi nijue ninachokikataa, nisikatae kitu cha kusikia.

Basi nikarudia polepole ili nijue ninachokikataa. Na polepole hiyo ndiyo iliyoniharibia hasira.

*Mpumbaze apumbae,*
*amriye sikatae.*

Amri yake usiikatae, sawa. Lakini mstari ulioitangulia unasema umpumbaze apumbae. Ndani ya ubeti mmoja mume ni mwenye amri, na tena ni wa kubembelezwa hadi aduwae. Binamu alicheka sana. Anasema hakuna mwanamume atakayesoma hapo bila kujitazama kwenye kioo. Sisemi kwamba Mwana Kupona anafanya kejeli. Wako wasomi waliosoma hivyo, wako waliokataa, na mimi naona ubeti unaruhusu bila kulazimisha. Ninachosema ni kwamba huyu mtiifu anayefundishwa hapa ana ujuzi wa mchezo.

Machi, baadaye: beti za kuuguza

Jina hilo ni langu, hakuna kitabu kinachoziita hivyo. Sijui nimezisoma mara ngapi sasa.

*Kilala siikukuse,*
*mwegeme umpapase,*
*na upepo asikose*
*mtu wa kumpepea.*

*Chamka siimuhuli,*
*mwandikie maakuli,*
*na kumtunda muili,*
*kumsinga na kumoa.*

Akilala usimsumbue, msogelee umpapase, asikose wa kumpepea. Akiamka usimcheleweshe, mwandalie chakula, umtunze mwili, umsinge, umwoshe. Ubeti mwingine unaofuatia waagiza anyolewe, ndevu zitengenezwe, afukizwe. Kisha huu:

*Mtunde kama kijana*
*asioyua kunena;*
*kitu changalia sana*
*kitokacho na kungia.*

Mtunze kama mtoto asiyejua kusema.

Nilikuwa nimekaa barazani, Mwalimu na Bibi wapo, na niliposoma *asioyua kunena* sikuweza kuendelea. Mimi ndiye niliyemnyoa baba. Ndevu zake zilikuwa ngumu upande mmoja na upande uliolala ngozi ilikuwa inateleza chini ya wembe, ilibidi uivute kwa kidole. Nilimgeuza usiku ili mgongo usichubuke. Umeme ukikatika nilimpepea kwa kifuniko cha hotipoti. Nilimlisha uji mzito, maana mwembamba ulikuwa unampalia. Na kila asubuhi niliangalia kilichoingia na kilichotoka, kwa sababu daktari alitaka kujua, na kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anaangalia.

Orodha yote hiyo iko katika beti hizi, karibu kwa mpangilio. Beti nilizozichukia tangu shuleni.

Mwalimu aliacha nikanywa chai. Halafu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyojipa, akaweka pingamizi, na nayaandika kwa haki. Kwanza, mtu anayetajwa ni mume mzima wa afya, wala si mgonjwa. Anakula, anaamka, anatoka. Pili, *kitokacho na kungia* wengi hukielewa kuwa mali na matumizi ya nyumba: angalia kinachotoka na kinachoingia, usiwe mbadhirifu. Tatu, kusinga, kufukiza, kupepea ni mafunzo ya arusi ambayo mwari wa pwani hupewa hadi leo, hayahitaji kitanda cha ugonjwa.

Bibi akaunga mkono la tatu. Alifundishwa hivyo alipoolewa, na mumewe alikuwa na nguvu kama punda, maneno yake.

Nimeyapima kwa sharti. La tatu nalikubali, haligombani na kitu. La pili naligawa: kama ubeti ungesema mali, ningenyamaza. Umesema *kitu*, kitokacho na kiingiacho, na umekisema katika ubeti huohuo wa mtoto asiyejua kunena, mara baada ya kuoshwa na kulishwa. Kwa mtoto mchanga, kitokacho na kiingiacho hakuna mama asiyekijua. Matumizi ya nyumba yanawezekana, mwili pia unawezekana, na mshairi hakufunga mlango wowote.

La kwanza ndilo zito. Ni kweli ni mume, si baba. Lakini rudi ubeti wa pili. Anayetoa mafunzo haya yuko kitandani kwa mwaka mzima. Yeye ndiye anayepepewa. Yeye ndiye anayeoshwa, labda na huyohuyo mwenye kalamu. Mtu aliyelala hivyo anapoeleza namna ya kuutunza mwili wa mwingine, anayajua mambo kwa pande zote mbili: alivyomfanyia mumewe na anavyofanyiwa sasa. Anajua kwamba upepo ukikosekana ni adhabu. Anajua ubaya wa kusumbuliwa usingizini. Utendi hausemi waziwazi "haya nayajua kwa ugonjwa wangu", na mimi siandiki kwamba umesema. Naandika kwamba umeyaweka maradhi mlangoni kabla ya kitu chochote kingine, na msomaji anayeingia ndani hawezi kuyaacha nje.

Mwalimu: "Hiyo naweza kuishi nayo."

Safu ya tatu ina kurasa nne. Haya ndiyo yaliyomo kwa ufupi. Utiifu kwa mume bado sikubali. Lakini kazi inayoelezwa chini ya jina la utiifu naijua, niliifanya, na niliifanya bila mtu kuipa mizani. Wageni walikuja kumwona baba wakaniambia "Mungu atakulipa", kisha wakakaa na kaka zangu kuzungumza mambo makubwa. Hapa kuna mwanamke wa 1858 aliyeona kwamba kumnyoa mtu, kumpepea na kuangalia kilichoingia na kilichotoka ni jambo la kutungiwa beti. Shuleni tuliambiwa anashusha hadhi ya mwanamke. Sijui. Mimi alinipa hadhi ambayo siku zile sikupewa na yeyote.

Binamu aliandika saa tisa usiku: "Dada, sikujua kama ulikuwa unafanya yote hayo." Alikuwa Doha, angejuaje.

Aprili: binamu atoroka mradi

Ametuacha kidogo akaenda kwenye Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, naye mtu wa Pate, aliyeutangulia utendi wetu. Mpigo wake ni mwingine, silabi sita kwanza, kisha tano, na kina cha mwisho kikirudi ubeti hadi ubeti. Huko mshairi anauambia moyo wake uyatazame majumba ya matajiri wa Pate yalivyokuwa mahame. Binamu ametuma sauti ya mistari miwili tu:

*Madaka ya nyumba ya zisahani*
*sasa walaliye wana wa nyuni.*

Madaka ni vile vishubaka vya ukutani vya nyumba za mawe, vilivyopangwa sahani na vyungu vya fahari. Sasa makinda ya ndege yamelala humo. Nilitarajia atasema habari ya dunia kupita, kama kila mtu. Hakusema. Alisema ameona kwamba mshairi hatuonyeshi mwenye nyumba akifa. Anatuonyesha pale zilipokuwa sahani. Nyumba ya babu yao iliuzwa ili warithi wagawane, na alipoipita mara ya mwisho kilichomuuma ni dirisha la jikoni lililozibwa kwa tofali, wala si mlango mkuu. Hajui kwa nini dirisha. Safu yake ya tatu ina swali hilo tu, na nadhani liachwe hivyo.

Mwalimu amemruhusu arudi bila faini.

Mei: kuelekea mwisho wa utendi

Mama anamweleza binti jinsi alivyoishi na baba yake, bila ugomvi, na kwamba kifo kilipomjia mume alimkariria radhi. Hapa nimeelewa jambo moja la kimuundo: radhi ya tano, ile niliyoikunjia uso, yeye aliipata kwa masikio yake. Anafundisha kitu anachokimiliki. Bado sikubali, lakini sasa najua kinachosemwa ni ushuhuda.

Kisha dua, ndefu. Anawaombea wanawe na ndugu zake, anajiombea. Tumeipita kwa kuimba tu, bila daftari, kwa ombi la Bibi: dua haichambuliwi mbele ya mwenyewe.

Halafu ubeti huu, ambao Mwalimu aliucheka hadi akavua miwani:

*Na sababu ya kutunga,*
*si shairi si malenga;*
*nina kijana muinga,*
*napenda kumuusia.*

Sikutunga kwa ushairi wala umalenga. Nina mtoto mjinga, nataka kumuusia. Anakana umalenga kwa vina vitatu safi na mizani minane isiyopungua. Binamu anasema ni kujigamba kwa aina yake. Mimi naona anasema kweli: hakutaka kusifiwa, alitaka kusikilizwa, na umalenga ulikuwa chombo alichokuwa nacho nyumbani.

Lakini nililoliona mimi ni *kijana*. Kijana muinga ni binti anayeandika. Kijana asioyua kunena ni mfano wa mume anayetunzwa. Hakuna mwingine katika nyumba hii aliyepewa neno hilo mahali pa uzito kama hapa, na kati ya hao wawili, mmoja ana kalamu na mwingine hana ulimi. Nimemwonyesha Mwalimu. Amesema inaweza kuwa bahati, kwa kuwa kijana kwa mtoto ni neno la kawaida huko na kina kilimfaa. Kisha akaomba daftari langu, akaandika mwenyewe kwenye safu ya pili, kwa penseli: "Iangaliwe."

Juni: hali ya mradi

Beti zote zimepitiwa. Safu ya kwanza imejaa, ya pili imejaa kupita kiasi, ya tatu ina maandishi kwenye sehemu ndogo ya utendi na kurasa nyingi tupu. Nimeacha kuziona kama upungufu. Beti kadhaa nimezirudia na zimekaa kimya kama mwanzo. Nyingine huenda zinasubiri niwe na umri mwingine, au zinamhusu mtu mwingine kabisa. Bibi amepewa nakala ya sauti zetu zote na ametuambia ni wapi tumeimba vibaya. Ni kwingi.

Kinachofuata: Utenzi wa Hati, aliouandika Shaaban Robert kwa ajili ya bintiye. Ni bahari ileile ya utenzi, wasia tena kwa mtoto wa kike, safari hii kutoka kwa baba, mtu wa Tanga wa karne ya 20. Mwalimu anataka tuweke beti za Hati na za Mwana Kupona ubavu kwa ubavu tuone baba anasema nini pale mama aliposema upepo na maakuli. Binamu anataka tuanze na Utenzi wa Adili, wa Shaaban Robert huyohuyo kwa mtoto wa kiume, kwa sababu zake.

Nakala ya Mwalimu imepungukiwa kurasa za katikati. Nitauliza maktaba kabla ya Ijumaa. Nikikosa, tutaanza na beti tulizo nazo, na Adili itasubiri zamu yake, binamu apende asipende.